Mashine ya fulana kwa komiki yenye saini: joto halina neno, shida ni kile kitasa

Haya, karibuni tena. Leo mezani tuna mashine ya kupiga pasi ya sentimita 38 kwa 38, ile inayofunguka kama mdomo wa mamba. Mnaijua. Pita Kariakoo, pita River Road, utaikuta inabandika picha kwenye fulana za harusi na za kampeni. Wati, urefu wa waya, taima ya sekunde 999, hayo yako kwenye boksi, siyasomi. Tunachotaka kujua ni kama inaweza kunyoosha komiki yenye saini, yaani kuitoa mikunjo kwa joto na kubana, tena yenye jalada la foili (utando mwembamba wa metali), hologramu (picha inayobadilika ukiigeuza) au kromiamu (plastiki inayong'aa kama kioo), bila kuiharibu.

Kwa joto, inaweza. Kwa kitasa, jamani, acheni tu.

Sogeeni hapa. Kitasa hiki cheusi juu ya bamba la moto ndicho kinachoamua komiki ibanwe kwa nguvu kiasi gani. Ukikizungusha kulia kinakaza, kushoto kinalegeza. Hakina namba, hakina alama, hakina hata kituo cha kukuambia sasa basi. Mtu wa fulana hana shida nacho, kitambaa kinavumilia. Karatasi yenye foili haivumilii.

Tazameni. Nakata vipande vinne vya karatasi ya kawaida, upana wa vidole viwili. Nakiweka kimoja kila kona, nusu ndani nusu nje. Nafunga mkono wa mashine. Sasa navuta. Kona ya nyuma kushoto, haitoki. Nyuma kulia, haitoki. Ya mbele kushoto... mmeona? Imechomoka kama uzi kwenye siagi. Mbele kulia pia. Maana yake bamba linauma nyuma kwenye bawaba, mbele limelegea. Ndivyo mdomo wa mamba unavyofunga: kadiri unavyorundika vitu vinene katikati, ndivyo nyuma inavyotangulia kugusa.

Kwa hiyo usikaze kitasa ili mbele ishike! Hapo ndipo watu wanapoua komiki. Mbele itashika, ndiyo, na nyuma utakuwa umepondaponda. Punguza unene wa rundo kwanza. Chini weka bodi moja ya kuhifadhia komiki, juu ya bodi karatasi ya silikoni, ile isiyonata, kisha komiki, karatasi nyingine ya silikoni, bodi ya mwisho, basi. Upande wa karatasi unaong'aa ndio uguse komiki. Mgongo wenye pini uelekee kwako, maana huko ndiko komiki ilikonenepa na ndiko bamba lilikolegea. Rudia vipande vya karatasi. Vinne vyote vikivutika kwa ugumu uleule, umepata.

Kisha tafuta sifuri yako. Legeza, funga, kaza polepole mpaka bamba liguse rundo bila kulisukuma. Piga mstari wa kalamu ya maka kwenye kitasa na mwingine kwenye mwili wa mashine. Kwenye mashine hii, komiki ya kawaida inataka kama nusu mzunguko kutoka hapo. Yenye saini na foili, robo, na hiyo robo ni ukarimu. Ukiona unahitaji mkono mzima kufunga, umezidisha. Vidole viwili vitoshe. Kiwanda kingeweza kuchonga namba pale kwa gharama ya soda, lakini ndiyo hivyo.

Joto nalipitia haraka. Skrini inasema 65. Naweka probu ya kugusa ya kipimajoto katikati: 71. Pembeni: 62. Kwa bei hii si mbaya, ila usiiamini skrini. Na usipime kwa ile bunduki ya infraredi ya kupimia joto kwenye alumini tupu. Chuma kinachong'aa kinaidanganya, inasoma chini ya ukweli. Komiki ya kisasa isiyo na mapambo, nyuzi 65 hadi 70, dakika kumi, zima, iache ndani ipoe imebanwa. Foili, nyuzi 50 hadi 55, dakika tano.

Sasa majalada yenyewe, hasa haya ya miaka ya 90, enzi ambayo wachapishaji wa Marekani walibandika kila kitu kilichong'aa. Silver Surfer namba 50 ya 1991: foili iliyonyanyuliwa, ukipitisha kidole unaisikia sura yake. Hiyo usiiingize kwenye mashine. Ule mnyanyuko ndio thamani yake, na bamba litaulaza. Ghost Rider namba 15 ya mwaka huohuo inang'aa gizani. Ile rangi inayong'aa inaweza kushika karatasi ya juu, basi joto la chini na karatasi mpya.

Wolverine namba 75 ya 1993 ina hologramu. Hologramu ni kipande cha plastiki kilichobandikwa kwa gundi. Joto likizidi gundi inalegea, pembe zinanyanyuka. Ukibana sana, jalada linanyooka vizuri kabisa, halafu unafungua ukurasa wa kwanza unakuta mstatili umejichora kama muhuri usio na wino. Dawa yake: chukua bodi ya kuhifadhia komiki, kata dirisha kuizunguka hologramu, acha milimita tatu kila upande. Pitisha kidole. Kama plastiki bado imesimama juu ya bodi, ongeza bodi ya pili yenye dirisha hilohilo. Bodi nyingine nzima iingie kati ya jalada na ukurasa wa kwanza. Na bila joto. Uzito tu, siku mbili.

Kromiamu, kama Bloodshot namba 1, ina ugomvi wake. Plastiki hainywi unyevu, karatasi iliyo nyuma yake inakunywa. Moja inatanuka, nyingine haitanuki, jalada linajikunja lenyewe bila kuguswa. Wale wanaowaambia muweke komiki kwenye beseni lenye mvuke kwanza, kwa gazeti la zamani sawa, kwa kromiamu wanawapoteza.

Na saini? Maka ya rangi ya mafuta juu ya foili haiingii ndani, inakaa juu kama rangi ya kucha. Inaonekana imekauka, kumbe chini bado laini. Ikipata joto na kubanwa inahamia kwenye karatasi ya silikoni, au inalala na kubaki na doa linalong'aa. Usijaribu kwa kidole. Tafuta komiki ya bei ya chai yenye jalada la aina hiyo, iandike kwa maka ileile, iache wiki kadhaa, ipige pasi hiyo kwanza.

Bora zaidi, nyoosha kabla ya kusainiwa. CGC wa Florida, kampuni inayopanga komiki madaraja ya ubora tangu 2000 na kuzifungia kwenye kesi ya plastiki, wanatoa lebo ya njano kwa saini ambayo shahidi wao aliiona ikiwekwa. Ukiivunja ile kesi nyumbani ili upige pasi, ushahidi umekwisha na lebo imekwenda. Itume ikiwa imefungwa. CCS, watu wao wa kunyoosha, wanaifungua humohumo. Na mkunjo uliokwisha kuvunja rangi haurudi, kwa mashine yoyote.

Bei? Inacheza dola 150 hadi 300. Mashine kuukuu za Seal za kubandikia picha bado nazipenda zaidi, lakini ni nzito kama jiwe la kusagia na vipuri ni kutafutana. Nilianza video hii nikitaka kusema msinunue. Sasa nasema nunueni, ila mje na maka na vipande vinne vya karatasi.

Video ya raba na makombo ya mkate kwa kusafisha majalada inakuja wiki ijayo, wale mlioomba kwenye maoni, nimesikia. Hii niliyoingiza sasa hivi ina saini ya maka ya fedha pembeni. Robo mzunguko, nyuzi 52, dakika tano. Nazima. Haifunguliwi mpaka kesho saa kama hizi, kwa hiyo hata mkiniomba, leo hamwioni.