Kabla hujahamia Kisumu, Nakuru ama Eldoret, uliza matatu ya mwisho inatoka saa ngapi

Kila malandlodi wa Nairobi wakiongeza kodi, meseji zinaanza kuniingilia. Dadangu, nihamie Nakuru? Kisumu maisha ni aje? Eldoret kuna raha ama ni baridi tu? Na wale walishahama nao wanaandika, ila wao wanaandika wakilia. Kuna mmoja alitoka mtaa wa Umoja hapa Nairobi akaenda Nakuru, akapata nyumba ya vyumba viwili kwa pesa ambayo huku ingempa bedsita ya kupikia nyuma ya mlango, akafurahi, akapiga picha za sitingirumu akatumia familia yote. Miezi imepita, sasa ananiambia Jumamosi saa moja usiku yuko ndani na watoto wanatazama TV, kwa sababu njia ya kwake giza likiingia matatu zinaanza kupotea moja moja, na boda ya kutoka tauni usiku inakula ile pesa yote aliokoa kwa kodi. Anauliza, hii raha niliambiwa iko wapi?

Raha iko, mama. Iko tauni. Wewe ndio hauko.

Kwa hivyo leo sitaongea juu ya kodi, shule, hospitali wala intaneti. Hizo kila mtu atakuambia, na ukweli ni kwamba miji hii yote ya kadiri ni nafuu kuliko Nairobi ukiangalia kodi na sokoni, hilo halina ubishi. Ninachotaka uangalie ni kitu kimoja ambacho sijaona mtu akikiweka kwa hesabu, nauli ya kurudi nyumbani usiku.

Nairobi imetudekeza, wacha tuseme tu. Saa tano usiku ukipita pale Railways bado utakuta konda wa Rongai anapigia watu kelele, Githurai hivyo hivyo, Eastlands usiseme. Sasa mtu wa Nairobi akipiga hesabu ya kutoka kujiburudisha anahesabu chakula, kinywaji, kiingilio kama kipo, basi. Kurudi hakuhesabu, kwa sababu hapa kurudi ni kitu kipo tu. Halafu anahamia mji ambao wafanyakazi wanamaliza kurudi makwao jioni mapema, soko linafungwa, na mwenye gari haoni haja ya kuchoma mafuta kupeleka watu watatu huko mwisho wa lami. Konda anangoja gari ijae. Isipojaa mnangoja. Mvua ikinyesha nauli inaruka hapo hapo mkiwa mmeshakaa, na nani atashuka kwa hiyo mvua?

Fanya hesabu na mimi. Tuseme mchana matatu ni 50 na usiku boda ni 250. Mko wawili, kila mtu na boda yake, na mnatoka mara mbili kwa wiki. Hiyo tofauti ya 200 kila mmoja, kwa mwezi ni 3,200, na hujala kitu wala hujanunua soda. Ndio hiyo unafuu wa kodi umeenda hivyo, na kitu ya maana zaidi ni kwamba hutailipa mara mbili kwa wiki. Utailipa wiki ya kwanza, ya pili utaona heri ukae, na ikifika ya tatu umekuwa mtu wa TV.

Kuna na hii ya baa. Ile sheria ya pombe ya 2010, ile tulizoea kuiita sheria ya Mututho, mbunge aliyeileta, inasema baa ya kawaida ifungwe saa tano usiku. Nairobi hiyo ni hadithi ya kuchekesha. Mahali ambapo inafuatwa, watu wote wanatoka kwa wakati mmoja, wote wanataka boda, na watu wa boda si wajinga.

Sasa, unaujaribu mji aje? Nenda bila gari. Hapa ndio watu wanaharibu, mtu anashuka na gari yake, anazungushwa mji mzima na shemeji yake mchana, anarudi akisema mji ni mzuri. Mji wowote ni mzuri ukiwa na tangi la mafuta limejaa! Nenda Ijumaa na matatu, lala kule mtaani unakotaka kuhamia wala si hoteli ya katikati ya tauni, na saa mbili na nusu usiku simama steji. Simama tu. Angalia gari ngapi zimepita, zimejaa ama zinangoja, na wanawake wanaosimama hapo wako peke yao ama wamejikusanya. Mimi hii ya mwisho ndio huniambia mengi kuliko lami na taa za barabarani.

Na usiulize ajenti wa nyumba. Muulize weita. Ukishakula, muulize kwa heshima, dada wewe ukitoka kazi unarudi nyumbani na nini? Yeye anatoka nyuma yako wewe mteja, kila siku, na mshahara wake si wa kuchezea. Akikuambia anatembea na wenzake mpaka mahali fulani halafu wanachanga boda, umepata jibu. Akikuambia kuna tuktuk hapo nje mpaka usiku, hilo pia ni jibu, na linanileta kwa mji ambao kwangu ni namba moja.

Kisumu. Msinitusi, kitambulisho changu kinasema Murang'a lakini kwa hili sina aibu, napendelea Kisumu na nitaipendelea kesho. Sensa ya 2019 iliukuta na watu 397,957, kwa hivyo ni mdogo kuliko Nakuru na Eldoret, na udogo huo ndio utamu. Tauni ni tambarare, mambo yako karibu karibu, na tuktuk ziko kila kona, ambayo ni dawa ya ule ugonjwa nimeuongelea hapo juu, kwa sababu tuktuk haingoji ijae watu kumi na nne, mkiwa watatu mnaelewana bei mnaenda. Halafu kuna joto. Watu wanalia joto la Kisumu, mimi nasema joto ndilo linatoa watu nje jioni, nyumba haikaliki kwa hivyo kila mtu yuko barabarani, na barabara ikiwa na watu, na watu wa kuwabeba watakuwepo.

Raha zake nyingi hazitaki kiingilio kikubwa. Jioni unashuka Dunga ama Hippo Point, jua linazama ndani ya ziwa, hulipii jua. Kuna Impala Sanctuary na jumba la makumbusho kwa wenye watoto, na Jumapili kuna soko la Kibuye ambalo kwangu ni matembezi kamili hata usiponunua kitu. Lwang'ni ya zamani msiniulize, vile vibanda vya samaki vilibomolewa wakati wa kutengeneza bandari na mpaka leo roho inaniuma.

Ila Dunga nako ujue kununua. Samaki hauziwi kwa sahani, unauziwa kwa saizi. Unaletewa beseni, ngege, yaani tilapia, wamepangwa kutoka wa kiganja mpaka wa kujaza sinia, na hapo hapo, kabla kisu hakijagusa magamba, ndio unauliza bei na unauliza pia ni wa ziwa ama ni wa katoni, maana wa barafu kutoka China wameingia mpaka huko kwa ziwa lenyewe, jameni. Ukisema tu "nikaangie huyo" halafu bei uje kuiuliza samaki akiwa mezani na ugali, utakuta imeota mkia. Na agiza mapema, ukiwa hujaanza kusikia njaa, kwa sababu utangoja.

Ubaya wa Kisumu ni malaria, hiyo si ya kuficha, neti ni lazima na watoto uwe macho. Na ukienda kujenga ama kupanga huko Riat juu kwa sababu ya upepo na mandhari, rudi usome tena habari ya boda, hiyo mteremko na mpando usiku hakuna mtu ataifanya kwa bei ya mchana.

Namba mbili ni Nakuru, na najua wengi wangeiweka ya kwanza. Ni kilomita kama 160 kutoka hapa Nairobi, imekuwa jiji rasmi tangu Desemba 2021, sensa ya 2019 iliipa watu 570,674, mboga na viazi ni bei ya kukufanya ucheke peke yako sokoni. Kama kazi yako inakuita Nairobi mara mojamoja, hakuna mji unaushinda. Lakini angalia raha zake zilivyokaa. Mbuga ya Ziwa Nakuru iko hapo mlangoni kabisa mwa mji, lakini getini unalipa na ndani hutembei kwa miguu, unataka gari. Flamingo wale wa kwenye kalenda wengi walihama maji yalipopanda, ziwa likameza mpaka geti kuu la zamani. Menengai ni kuzuri, ukisimama pale juu unaona shimo la volkeno lote chini yako, lakini matatu haikufikishi ukingoni, ni boda ya kwenda, umwambie akungoje, na kungoja analipwa. Unaona? Ni mji wa raha za mtu mwenye gari, na anayehama kwa sababu ya kodi mara nyingi hana gari.

Ndio maana Nakuru nasema lipa kodi zaidi kidogo ukae karibu. Section 58, Milimani, Shabab, mahali unaweza kufika kwa boda fupi. Zile nyumba kubwa za bei nzuri njia ya Kabarak, Kiamunyi na kuendelea, ni nzuri kweli, mimi mwenyewe ningezitaka, ila zifanyie ile ya steji kwanza. Na maji ya visima ya huko yana floraidi nyingi, hiyo ndio inaacha meno ya watoto yakiwa na rangi ya kahawia, kwa hivyo weka maji ya kunywa kwenye bajeti.

Eldoret inakuja ya tatu na watu wa Uasin Gishu watanisamehe. Ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, chakula ni bei poa kwa sababu mahindi na maziwa yanatoka hapo nje tu, na mchana ni mji mtamu. Iten iko karibu, unapanda matatu asubuhi, unaangalia bonde la Kerio mpaka uchoke, unaona wakimbiaji wakipita kama wanafuatwa, unarudi kabla ya jua kuzama. Kama raha yako ni kukimbia ama kutembea, ifanye namba moja na usinisikilize. Shida ni usiku. Uko juu ya mita 2,000, baridi ya saa tatu usiku juu ya boda ukiwa umevaa nguo za kutokea si mchezo, hiyo koti ni gharama nyingine.

Miji mingine kwa ufupi: Kitale utakula vizuri. Machakos kuna ile People's Park na ni karibu na Nairobi. Thika, kusema kweli, hiyo si kuhama, hiyo ni kubadilisha steji. Tuendelee. Nanyuki nayo ni nzuri, mlima unauona ukiwa kitandani, lakini menyu nyingi zimeandikwa zikimfikiria mgeni mwenye dola, sitaiweka kwa orodha ya watu wanaokimbia gharama.

Sasa hawa maajenti. Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Ajenti akisikia lafudhi ya Nairobi bei inabadilika ukiwa bado unaongea, unaambiwa nyumba iko "dakika tano kutoka tauni" na hakuambii dakika tano ni kwa gari ya nani na saa ngapi, picha zimepigwa kutoka pembe ya dari mpaka chumba kinaonekana ukumbi wa harusi, maji ni "saa ishirini na nne" na kumbe ni tangi linalojazwa mara mbili kwa wiki, halafu juu ya yote unalipishwa mia tano, wengine elfu, ya kuonyeshwa tu, na nyumba ya kwanza "imechukuliwa asubuhi hii", twende nyingine, ongeza mia tano. Kuna bodi kabisa ya kusajili maajenti wa nyumba Kenya, Estate Agents Registration Board, na ukimuuliza mtu kama huyo namba yake ya usajili utaona venye simu yake inaishiwa na chaji ghafla.

Mimi siku hizi nina sharti langu. Hiyo mia tano nitalipa, tena bila kubishana, lakini nyumba unionyeshe saa mbili usiku, na tukimaliza tusimame wote steji turudi tauni na matatu. Mpaka leo hakuna aliyekubali.