Wameikata Iliad Hector akiwa bado anaburutwa

Naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nililipia huduma ya vitabu vya sauti ili nisikilize Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, katika tafsiri ya Kiingereza, na tangazo lao lilisema wazi kwamba vitabu vyote 24, yaani sehemu zote za utenzi huo, vimo. Nilichopewa kinaishia katikati ya kitabu cha 22. Achilles, shujaa wa Wagiriki, amekwisha kumuua Hector, mwana wa mfalme wa Troy, amemtoboa miguu nyuma ya visigino, amepitisha kamba za ngozi na kumfunga kwenye gari lake la farasi, na kichwa cha marehemu kinaburutwa vumbini wazazi wake wakiona. Hapo muziki unaingia, majina ya waandaaji yanasomwa, basi.

Andromache, mke wa Hector, hata hajapata habari. Katika utenzi wenyewe, saa hiyo yuko ndani anafuma, na amewaagiza vijakazi wabandike maji ili mumewe aoge atakaporudi kutoka vitani, ndipo anaposikia kilio kutoka kwenye ukuta wa mji. Hayo nayo hayamo.

Niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja kwa adabu, nikiwaomba waniletee sehemu iliyobaki. Jibu lao ndilo lililonichoma zaidi: rekodi haina kasoro, imefupishwa kwa makusudi, na kwa kuwa Hector amekufa na mshindi anajulikana, kilichobaki ni mazishi tu. Nilipouliza tena, niliambiwa kwamba wasikilizaji wengine hawajalalamika.

Mazishi tu! Sidhani aliyeniandikia maneno hayo amewahi kukifikia kitabu cha 24, ambamo mzee Priam, mfalme wa Troy, anatoka usiku akiongozwa na mungu Hermes, anaingia katika kambi ya adui, anamshika Achilles magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Hamlaani wala hamtishi, bali anamsihi amkumbuke baba yake mwenyewe, Peleus, aliye mzee kama yeye na asiye na wa kumlinda. Achilles, ambaye ghadhabu yake ndiyo neno la kwanza kabisa la utenzi huu, anaangua kilio. Wanalia wote wawili, mmoja akimlilia Hector, mwingine akimlilia baba yake na rafiki yake Patroclus, aliyeuawa na Hector, kisha wanakula pamoja, na Achilles anamuuliza mzee anahitaji siku ngapi za kumzika mwanawe. Priam anaomba vita visimame kwa siku 11, naye anakubaliwa. Ukiyaondoa hayo, ghadhabu iliyotangazwa mwanzoni haina pa kuishia, na msikilizaji mgeni ataondoka akiamini kwamba Homer aliimba kumsifu muuaji.

Wala wasiniambie kwamba muda haukutosha. Orodha ya merikebu ya kitabu cha 2, yenye mamia ya mistari ya majina ya miji na makamanda, wameisoma yote. Kama ilikuwa lazima kupunguza, wangeanzia hapo, au kwenye michezo ya mazishi ya Patroclus.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kati ya tano, kwa sababu msomaji wao ana kipaji cha kweli. Katika kitabu cha 6, pale mtoto Astyanax anapoiogopa kofia ya vita ya baba yake, na Hector anaivua akicheka ili ampakate, alisoma kwa upole ambao sijawahi kuusikia katika rekodi nyingine. Lakini kila nikilikumbuka hilo napandwa na hasira upya, kwa kuwa sauti hiyohiyo ilinifanya nimpende Hector, na wenye huduma wakaninyima kumsindikiza kaburini. Nyota tatu nazifuta, natoa moja. Huenda nikazirudisha, hata nikaongeza, iwapo msomaji yuleyule atasoma maombolezo ya Andromache, ya Hecuba mama yake Hector, na ya Helen, mwanamke ambaye vita vilipiganwa kwa ajili yake, anayesema kwamba kwa miaka yote aliyokaa Troy hakuwahi kusikia neno baya kutoka kwa Hector. Kwa sasa nadai fedha zangu, na anayeitaka Iliad nzima anunue kitabu cha karatasi.