Barua pepe ya kwenda nayo ughaibuni: uliza kwanza laini ikifa itakuwaje

Namba yangu ya zamani ya Mwanza sasa hivi iko mfukoni mwa muuza dagaa wa Kirumba Mwaloni. Nililijua hilo nikiwa Bremen, Ujerumani, mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja jioni giza limeshatanda, nimefungiwa nje ya barua pepe yangu mwenyewe. Nilikuwa nimebadilisha simu. Mtoa huduma, ambaye leo simtaji, akanijibu kwa upole kwamba ametuma tarakimu sita kwenye namba niliyojiandikishia. Laini yenyewe nilikuwa nayo mkononi, nimeitunza ndani ya kava la pasipoti kama hirizi, ila sikuwa nimeiweka kwenye simu wala kuitia vocha kwa zaidi ya mwaka. Kampuni ilishaichukua namba na kumuuzia mwingine.

Nikaipiga. Akapokea kijana.

"Dada, kumbe ni wewe? Haya manamba yananijia tangu juzi."

Nikamwomba anisomee. Akakataa. "Dada yangu, redioni wanasema kila siku, namba ya siri usimpe mtu. Hata wewe sikupi."

Ungemlaumu? Mimi sikuweza. Ndiyo kwanza nikutane na Mtanzania anayefuata lile tangazo, na ilibidi awe huyu.

Kesho yake mama akapanda daladala kutoka Buzuruga, akashuka Kirumba, akaanza kuuliza meza kwa meza katikati ya vichuguu vya dagaa. Alipompata akamwambia, "Baba, huyu ni mwanangu wa kumzaa, si tapeli." Kijana akamtazama. Mama akanunua sado mbili za dagaa ambazo hakuwa na mpango nazo. Hapo simu ikatolewa. Mimi niko hewani kwenye simu ya mama, nabonyeza "tuma tena", mama anasoma tarakimu, miwani kaiacha nyumbani, sita anaiita tisa. Mara mbili muda ukaisha. Ya tatu ikakubali.

Tangu nirudi Mwanza watu wananiuliza, hasa wanaojiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi nje: dada, nichukue barua pepe gani? Wanataka niwaambie ipi ina nafasi kubwa, ipi haina matangazo, ipi inapendeza kwenye simu. Hayo waulize wengine. Swali langu ni moja: siku laini yako imekufa na simu imeibwa, wewe uko kilomita elfu sita kutoka Nyamagana, unarudi ndani kwa mlango gani?

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Laini tunasajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Ikipotea, hutamtuma mdogo wako dukani akurudishie, wanataka kidole, na kidole chako kiko Bremen kinashika koleo la theluji. Wapo wanaoiacha laini nyumbani kwenye kiswaswadu, mama awe anasoma meseji. Inasaidia kiasi. Halafu mama anakwenda msibani Sengerema, kiswaswadu kinabaki kabatini bila chaji, na wewe una dakika kumi za kuthibitisha maombi ya viza.

Usidhani kuweka namba ya ugenini ndiyo dawa. Niliweka ya Ujerumani karibu kila mahali. Nilipofunga virago kurudi nyumbani, nayo ikafa. Nilijikwaa kidole kilekile kwenye jiwe lilelile.

Sasa tupange.

Namba moja: Proton Mail

Nina upendeleo, na siuoni haya. Hawa ni wa Uswisi, ilianzishwa na watu waliokutana CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Geneva, na umma ulianza kuijua 2014. Watu wengi huisifia kwa usiri wake, yaani barua zinahifadhiwa zikiwa zimefungwa hata wao wenyewe wasizisome. Mimi ninaipendea karatasi. Unapoingia kwenye mipangilio inakupa maneno 12 ya Kiingereza ya kurejeshea akaunti. Unayaandika kwa peni. Ukisahau nywila, maneno hayo yanakurudisha ndani pamoja na barua zako zote, haijalishi laini iko wapi au nani anaimiliki. Na wakati najiandikisha haikunilazimisha kutoa namba ya simu.

Yangu yameandikwa mara mbili. Karatasi moja ninatembea nayo, nyingine iko kwenye sanduku la mama, ndani ya khanga asiyoivaa. Ukimpigia hawezi kukusomea kwa makosa maana nimeandika herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Ila ielewe vizuri kabla ya kuhamia. Ukipoteza nywila na maneno yale hukuyaandika, unaweza kubadilishiwa nywila kupitia barua pepe nyingine, lakini barua zako za zamani zitabaki zimefungwa. Utaviona vichwa vya habari na ndani hutaingia. Hakuna wa kumlilia, kwa sababu kweli hawana ufunguo. Kwa mtu mzembe na karatasi, Proton ni hatari kweli. Ya bure ina nafasi ndogo, na ukiiacha mwaka mzima bila kuingia wanaweza kuifuta. Ya kulipia ni karibu dola 4 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, sawa na sato mmoja wa kuchoma. Mimi nalipa.

Hapo kwenye kulipa nina jambo. Kadi yangu ya benki ya hapa iliisha muda nikiwa nje. Nikawaandikia, wakanijibu kadi mpya nifike tawini nikiwa na kitambulisho. Tawini! Nauli ya ndege kwa ajili ya kipande cha plastiki. Na kila wanapokata dola huongeza na ada yao, halafu ukiuliza kiwango cha kubadilishia fedha unaonyeshwa kiti usubiri. Kwa hiyo ukichagua chochote cha kulipia, tazama tarehe ya kadi kabla hujapanda ndege, na lipia mwaka mzima ukiwa bado nyumbani.

Namba mbili: Gmail, ikishafanyiwa marekebisho

Wengi wenu mnayo, na simwambii mtu aitupe. Shida si Gmail, shida ni jinsi tulivyoifungua: namba ya simu tu, basi. Kaa nusu saa. Nenda sehemu ya usalama, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila kwanza halafu tarakimu za mara moja, kisha chukua zile namba za akiba. Ziko kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike, usizipige picha ukaziweka kwenye simu ileile itakayoibwa. Halafu weka programu inayotengeneza tarakimu, kama Google Authenticator. Inatoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30 bila laini, bila bando, hata ukiwa katikati ya ziwa kwenye meli ya Bukoba. Ukishahakikisha vyote vinafanya kazi, badilisha barua pepe ya kurejeshea iwe ya mtu unayemwamini, na namba ya simu utakayoiacha nyuma ukaiondoe.

Mambo mawili zaidi. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili, kwa hiyo ile ya zamani uliyoombea mkopo wa chuo iingie mara mojamoja. La pili ni la wanaokwenda China: Gmail kule imezuiwa tangu mwisho wa 2014. Mtoto wa shangazi yangu alifika Wuhan na Gmail pekee, akakaa wiki nzima chuo kinamtafuta na yeye anadhani hawajamwandikia.

Namba tatu: Outlook ya Microsoft

Huyo wa Wuhan, Outlook ndiyo iliyomfungukia, na kwa China ningeipandisha iwe ya kwanza. Microsoft nao wanatoa namba ndefu ya kurejeshea, tarakimu na herufi 25, unaiandika na kuihifadhi. Usipokuwa nayo, jiandae: ukipoteza namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea vyote, ukaomba kubadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo, unasubirishwa siku 30. Nia yao ni njema, wanamzuia mwizi. Lakini siku 30 kwa mtu anayesubiri barua ya ubalozi ni mwaka.

Fastmail ya Australia ni ya kulipia tu, ipo tangu 1999, na ni nzuri kwa mwenye domeni yake, yaani jina lake mwenyewe la mtandaoni linalokaa baada ya @. Ningeiweka ya nne. Kuna huduma ya Ujerumani inayoitwa Tuta; akaunti yake ya bure inafutwa usipoingia miezi sita. Yahoo hufuta sanduku lisilofunguliwa miezi 12, na mwaka 2017 ilibainika kwamba akaunti zake zote bilioni 3 ziliguswa na wezi wa 2013. Sina zaidi la kusema hapo.

Barua pepe ya chuo au ya kazini itumie kwa chuo na kazi. Ukimaliza inaondoka, na kila ulichokiandikisha kwa anwani ile kinaondoka nayo.

Wale wa steshenari

Nilikuwa nataka kuishia hapo lakini siwezi kuliacha hili. Kijana anataka kuomba kazi, anaambiwa lazima awe na imeili, anaingia steshenari. Anatoa shilingi zake, anafunguliwa akaunti ndani ya dakika tano, anakabidhiwa kipande cha karatasi chenye nywila. Namba ya kurejeshea imewekwa ya nani? Ya mwenye steshenari. Nimekutana na mabinti watatu wa Igoma waliofunguliwa duka moja, wote namba moja, nywila moja, tofauti ni mwaka wa kuzaliwa mwishoni. Mmoja tayari alikuwa na viza ya Oman. Mwenye duka alishafunga na kuhamia Geita, na alipopatikana alitaka elfu kumi ili amsomee meseji.

Ndugu zao ni wale wanaouza domeni na barua pepe za kampuni. Mimi mwenyewe nililipa, nikafurahia anwani yenye jina langu, mwisho .co.tz. Mwaka wa pili ndipo nikagundua domeni imeandikishwa kwa jina la muuzaji. Nikimuuliza ananiambia "tuko pamoja dada, usiwe na wasiwasi." Bei ya kuhuishia ilipanda mara mbili na sikuwa na pa kwenda. Ukinunua, mwambie akuonyeshe jina la mmiliki kwenye usajili kabla hujatoa hata shilingi.

Yule kijana wa Mwaloni tumekuwa watu wa karibu. Mama ananunua dagaa kwake siku hizi, kwa hiari. Na bado hunipigia: "Dada, wamekuja tena, tarakimu sita." Ni duka moja la viatu la Bremen ambalo mpaka leo sijalibadilishia namba.