Kituo cha dijitali cha wadi: huduma ipo, mafunzo bado

Miongoni mwa vituo vya dijitali ambavyo serikali ilikusudia kuvifungua katika wadi zote 1,450 nchini Kenya, kimoja kinafanya kazi hapa Mombasa karibu na kwetu, nami nilimpeleka mama, aliyevuka miaka 70, ili asajiliwe katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na, kama tulivyoahidiwa, afundishwe kuitumia mwenyewe.

Kwa upande wa huduma sina lawama. Intaneti ni ya bure, wazee hawapangishwi foleni, na kijana aliyetupokea alimwamkia mama kwa adabu kabla ya kumuuliza shida yake. Gharama za saiba, yaani maduka ya intaneti ya kulipia, zinaepukika kabisa.

Mafunzo ndiyo yaliyokosekana. Kijana aliichukua simu, akajaza kila kitu yeye mwenyewe katika ukurasa wa Kiingereza, kisha akauliza nenosiri liwe lipi. Mama akamjibu, "Weka lolote, mwanangu." Akaweka jina la mama na mwaka wake wa kuzaliwa, akaliandika kwenye kikaratasi, akamkabidhi. Usajili ulikamilika upesi, lakini mama hakugusa kioo hata mara moja, na mtu asiyemjua alibaki na siri ya akaunti yake. Mzee aliyeketi kando yetu alirudi mikono mitupu, kwa kuwa laini yake ilisajiliwa kwa jina la mjukuu, na namba ya uthibitisho ikaenda kwenye simu ya mjukuu huyo, ambaye hakupokea alipopigiwa.

Haya si madogo. Wazee wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa fedha, ndio wanaowindwa na matapeli wa "tuma kwa namba hii", na anayefanyiwa kila jambo hatajua ni lipi la kukataa. Vijana wameandaliwa mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali wa kazi za mtandaoni, tangu 2016, ilhali Ibara ya 57 ya Katiba inaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee nao wanaweza kujiendeleza. Sikuona tangazo lolote ukutani la darasa lao, ingawa kompyuta kadhaa zilikuwa hazina mtu. (Viyoyozi, nakiri, vilikuwa vikali kupita kiasi kwa watu wa rika hilo.)

Hata hivyo ningewashauri watu wakitumie kituo hiki. Anayempeleka mzazi ahakikishe kwanza kwamba laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, abebe kitambulisho halisi, amwandae mzee achague nenosiri nyumbani, na amwombe mhudumu aelekeze kwa maneno tu huku mzee akibonyeza, hata kama watu nyuma yao wataguna.