Kidude cha kugundua gesi ya kaboni monoksaidi kwenye ndege ndogo: nyota nne

Kama unapanda ndege ndogo za injini ya pistoni, iwe unarusha mwenyewe au unakaa tu pembeni, nunua hiki kidude kabla ya miwani ya kirubani na mbwembwe zingine zote. Kinaenea kiganjani, kinaonyesha namba, na gesi ikizidi kinalia, kinawaka taa na kutetemeka.

Kwa nini? Hita ya nyingi ya hizi ndege inachukua joto kwenye eksozi yenyewe, hewa inazunguka bomba la moto halafu inaingia mlimokaa, sasa bomba likipata ufa mnavuta sumu isiyo na harufu mnajua ni joto tu. Mnakumbuka ya yule mwanasoka Emiliano Sala? Ndege ndogo aina ya Piper Malibu ya 1984, imetoka Nantes, Ufaransa, inaenda Cardiff, Wales, usiku wa tarehe 21 Januari 2019, ikaishia baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Asilimia 58 ya hemoglobini ya Sala (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) ilishashikwa na hiyo gesi. Rubani hana kibali cha kuruka usiku, leseni yake haimruhusu kubeba abiria wa kulipa, ruhusa ya ndege za aina ile nayo ilishaisha muda, na aliyepanga safari akaja kufungwa miezi 18 mwaka 2021. Alamu ya kuwashtua ndani hakuna!

Zile kadi za kubandika zenye doa linalobadilika rangi mi sizitaki. Bei chee sawa, ila gizani nani anaangalia kadoa? Na ikishafunguliwa inafanya kazi miezi michache tu, utaikuta imepauka na jua na mwenye ndege anakuonyesha kwa kujiamini kabisaa. Uingereza tangu Januari 2025 ndege nyingi za hivi zikibeba abiria lazima ziwe na kinacholia.

Ubaya wake sasa. Ukivaa hedseti mlio huusikii, injini inaumeza, kwa hiyo kiweke usawa wa macho karibu na geji uone taa. Klipu ovyo, inalegea. Mkiwa chini upepo ukitokea nyuma moshi wa eksozi unarudi ndani na namba zinapanda kidogo, geuza pua iangalie upepo zitashuka. Hewani zikipanda usibishane nazo, zima hita, fungua hewa ya nje, tua uwanja wa karibu halafu fundi aangalie eksozi, maana kidude hakizibi ufa. Na sensa ina tarehe ya mwisho, isome kabla hujalipa.

Nyota ya tano nitatoa wakiweka klipu ya maana na mlio uingie kwenye hedseti.