Umemaliza Reply 1988 na umebaki mpweke? Njoo nikuelekeze

Gauni la mteja wangu liliharibika kwa sababu ya Uganda. Ngoja nieleze.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Simu huwa naiegemeza kwenye kopo la vifungo, naangalia huku nashona. Siku hiyo nilikuwa kipindi cha kwanza cha Reply 1988, tamthilia ya Korea iliyorushwa na tvN kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016. Kuna msichana anaitwa Deok-sun, kachaguliwa kubeba bango la Madagaska siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul. Kafanya mazoezi, kajisifu mtaa mzima. Mara Madagaska wanatangaza hawaendi, na kweli mwaka ule hawakwenda. Nikasema basi, mtoto wa watu kaumbuka. Kumbe! Siku ya siku namwona huyo anaingia uwanjani, kifua mbele, na bango limeandikwa Uganda. Nilipiga ukelele hadi muuza kahawa akaja kuuliza kulikoni. Kutazama chini, mkono wa kushoto nimeushonea bega la kulia.

Marehemu baba alikuwa akiisimulia Olimpiki hiyo kwa jina moja tu, Juma Ikangaa, wa saba kwenye marathoni. Wakenya walirudi na dhahabu tano, lakini nyumbani kwetu hiyo haikuwa habari.

Sasa wateja wamenijua. Mtu analeta kitambaa cha kitenge, kabla sijampima ananiuliza, "Da Mwana, 1988 nimemaliza, nipe nyingine kama ile." Swali hilo limenichosha kujibu kwa mdomo, ndiyo maana leo nakaa niandike.

Kwanza tukubaliane ile tuliipendea nini. Wengi watakwambia ni lile fumbo la mume: Deok-sun mtu mzima anahojiwa, mumewe yuko pembeni, na wewe unakisia kati ya vijana wa mtaani ni yupi. Ukimfuata anayesema hivyo, atakupa tamthilia za msichana mmoja na wavulana wawili, na utasinzia. Mimi nilipewa tatu za namna hiyo na zote niliziacha njiani. Fumbo la mume ni chambo tu. Samaki mwenyewe ni sahani.

Rudia kipindi cha kwanza uone. Ni jioni, uchochoro wa Ssangmun-dong, kaskazini mwa Seoul. Kila mama kapika, na kila mama anamtuma mwanawe apeleke kidogo kwa jirani. Mtoto anatoka na bakuli, anapishana na mwenzake aliyebeba bakuli, wanarudi na vingine, wanatumwa tena, hadi meza ya kila nyumba ina chakula cha mtaa mzima. Niliposhuhudia hiyo nilijisemea, hawa ni watu wa Pwani waliozaliwa kwenye baridi. Sisi Ramadhani sahani ya futari haitulii, na ya jirani hairudi tupu, hata kama utaweka tende tatu.

Halafu kuna baba yake Deok-sun. Mfanyakazi wa benki, lakini alimdhamini mtu mkopo, deni likamwangukia, familia nzima inaishi nyumba iliyozama nusu ardhini. Nani kwetu hamjui mzee wa aina hiyo? Na Deok-sun mwenyewe ni mtoto wa kati. Moshi wa makaa unapojaa ndani usiku, wazazi wanawakokota dada yake Bo-ra na mdogo wake wa kiume, yeye anatambaa nje mwenyewe. Mayai wanakaangiwa wenzake. Mimi pia ni wa kati, nyumbani kwetu lilikuwa paja la kuku. Siku alipolipuka mezani kuhusu mayai, cherehani nilizima kabisa.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, sahani inatoka nyumba hii kwenda ile?

Inayofaulu kuliko zote ni When Life Gives You Tangerines ya Netflix, Machi 2025, vipindi 16. Ni kisiwa cha Jeju, kuanzia miaka ya nyuma sana hadi karibuni, maisha ya Ae-sun na Gwan-sik kutoka utoto hadi uzee. Mama yake Ae-sun ni haenyeo, wale wanawake wanaozamia baharini bila mtungi wa hewa kutafuta mazao ya bahari. Anafariki mapema sana, na mtoto alikuwa ameshaandika shairi linalonikaba hadi leo: angekuwa na hela ya konokono wale wa bahari, angemnunua mama yake kwa siku, ili mama asizamie. Nina shangazi Unguja analima mwani huko Paje, kiuno majini tangu maji yakitoka. Nilimsimulia shairi lile kwa simu, akanyamaza, kisha akaniuliza bei ya vocha.

Gwan-sik kijana anaigizwa na Park Bo-gum, yuleyule Taek wa Reply 1988, bingwa wetu wa baduk, ule mchezo wa kete, asiyejua kufunga kamba za viatu. Ae-sun kijana ni mwigizaji IU, na IU huyohuyo anakuja kuwa binti wa Ae-sun baadaye, kwa hiyo usichanganyikiwe kama Mama Zai jirani yangu, aliyedhani mtu kafufuka. Na sahani ipo, tena imefichwa: wale wazee wenye nyumba wanaowatilia mchele kimyakimya kwenye mtungi, kidogo kidogo, ili mama asijue kwamba uliisha. Hakuna anayetoa hotuba. Mchele tu haumaliziki.

Jina lake la Kikorea ndilo limeniteka zaidi. Ni maneno ya lahaja ya Jeju, Pokssak Sogatsuda, na Mkorea wa Seoul akiyasikia haraka anaweza kudhani anaambiwa "umetapeliwa kabisa". Maana yake hasa ni shukrani kwa mtu aliyechoka kwa kazi. Wazungu wamehangaika kulitafsiri hadi wakaishia kwenye machungwa. Sisi tunalo bila jasho: pole na kazi. Ningepewa mimi, ningelibandika hilo hilo.

Onyo: usiiangalie siku una oda ya harusi. Machozi yanaacha alama kwenye satini.

Ya pili ni ya Kichina, Go Ahead ya mwaka 2020. Hapa nina ya kusema na mabaya pia. Kuna baba mwenye mgahawa wa tambi, Li Haichao, kafiwa na mke, ana binti mdogo, Jianjian. Ghorofa ya juu yake anahamia polisi, Ling Heping, mke anamkimbia anamwachia mtoto wa kiume. Kisha mama mmoja aliyekuwa akichumbiwa na huyo wa tambi anatoweka, na yeye pia anaacha mvulana. Baba wawili, watoto watatu, chungu kimoja. Hakuna ndoa hapo, hakuna damu, ni chakula tu kilichowafanya ndugu. Li Haichao na aproni yake, anauliza watu watakula nini kesho kabla hawajamaliza cha leo, namweka juu ya baba yeyote niliyemwona kwenye kioo.

Nusu ya kwanza ni dhahabu. Kisha wavulana wanakwenda ng'ambo, mmoja Singapore, mmoja Uingereza, wanarudi watu wazima, na hadithi inalegea. Wazazi waliokimbia wanarudi kudai haki zao kwa kelele, kila kipindi kelele. Na mmoja wa wale kaka anampenda Jianjian. Kibandani kwangu hilo lilizua baraza. Mteja mmoja alikasirika, akasema waliolelewa pamoja ni ndugu, kwisha. Mama Zai ndiye aliyekata shauri: hawakunyonya ziwa moja, ndoa inaswihi. Mimi sina tatizo na sheria, tatizo langu ni kwamba mapenzi yao hayana chumvi, na vipindi ni zaidi ya 40. Kuanzia katikati nilikuwa nashona zaidi ya kuangalia. Wakorea waliitengeneza upya mwaka 2024 kwa jina Family by Choice, vipindi 16, ukitaka ya mkato. Lakini mgahawa wa tambi wa Wachina una harufu zaidi.

Hospital Playlist utaambiwa na kila mtu, kwa kuwa mwongozaji Shin Won-ho na mwandishi Lee Woo-jung ni walewale wa 1988. Ni kweli, marafiki watano ni watano, na wanavyogombania chakula ni vilevile. Ila ni madaktari bingwa wa Seoul. Shida ya hela hawana. Naipenda, naiangalia nikiwa nimechoka, lakini sijawahi kuharibu nguo kwa ajili yake.

Our Blues ya 2022, hapo unarudi Jeju, kwenye mnada wa samaki alfajiri. Kila watu wana visa vyao, vipindi viwili vitatu, kisha kamera inahamia kwa wengine ambao uliwaona wanapita nyuma. Ukikulia karibu na feri au soko la samaki, Eun-hee muuza samaki utamjua kwa sauti yake kabla hujamwona uso. Kuna dada mwenye ugonjwa wa Down, anaigizwa na Jung Eun-hye ambaye kweli anao na kweli ni mchoraji. Vipindi vya mama mzee na mwanawe mwenye kinyongo, mwishoni, viangalie peke yako.

Suala la kupata. Hizi za Kikorea mimi nilizipata kwa kijana wa flashi, na Reply 1988 aliniuzia bila kipindi cha 15. Nilimrudia, akaniambia "ruka tu dada, hakina kitu". Hakina kitu! Hesabu pia kwamba vipindi vyake ni virefu kupita kawaida, vingine vinaukaribia urefu wa filamu, kwa hiyo bando la siku halitakutosha. Na ukizoea zile zilizoingizwa sauti ya Kiswahili, kama Doudou na mama wakwe zake iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011, hapa itabidi usome maandishi. Kwa fundi maana yake ni pindo na vifungo tu. Kukata kitambaa, usijaribu.

Nimeanza na ya Kijapani, Asura, ya mwaka 2025, vipindi saba tu. Tokyo ya 1979, dada wanne wanagundua baba yao mzee ana mwanamke wa nje. Hakuna joto la uchochoro humo, hawa wanachomana kwa maneno ya adabu huku wanakula. Lakini waliopenda ugomvi wa Bo-ra na Deok-sun kuvutana nywele watanielewa. Nimefika cha pili. Zaidi ya hapo siwezi kusema, maana flashi Mama Zai kaiazima tangu Jumapili, na sahani yangu pia iko kwake.