TAHADHARI: Memori kadi, rekoda na SSD zenye "GB hewa"

Kwa wote mnaorekodi mahojiano, mahubiri, kaswida, harusi au vikao kwa rekoda za mkononi na kuhamishia kazi kwenye kompyuta: ukiona memori kadi ya 512GB inauzwa kwa bei ya 32GB, iwe kwenye kurasa za mitandaoni, kwenye magrupu ya WhatsApp au mezani kwa mtu barabarani, usitoe hela kabla hujaijaribu. Kama mnavyosikia habari za wafanyakazi hewa, hizi ni GB hewa. Namba imeandikwa, mahali pa kuweka data hapapo.

Ndani ya kila memori kadi kuna vitu viwili: chipu ya kuhifadhi data, na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo sana inayoieleza rekoda au laptop "mimi nina ukubwa huu". Kidhibiti kinaendeshwa na programu, na programu hubadilishwa. Mwezi Desemba 2013, mhandisi Andrew "bunnie" Huang na mwenzake Sean Cross walionyesha hadharani kwenye mkutano wa wadukuzi wa Chaos Communication Congress mjini Hamburg, Ujerumani, jinsi kidhibiti cha kadi kinavyoweza kuandikwa upya. Matapeli wanafanya hivyo hivyo: wanachukua kadi yenye 8GB au 16GB za kweli, wanaifundisha kusema "mimi ni 512GB", kisha wanachapa jina la kampuni kubwa juu yake. Ukiichomeka kwenye Windows, Android au rekoda yenyewe, kote itaonyesha 512. Kwa hiyo maneno ya muuzaji, "si unaiona mwenyewe hapo kwenye Properties?", hayathibitishi chochote. Kinachosomwa hapo ni kauli ya kadi kuhusu yenyewe.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba kadi hizi hufanya kazi vizuri mwanzoni. Fanya hesabu. WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya stereo, 48kHz, biti 24, inakula baiti 288,000 kwa sekunde, takriban 1.04GB kwa saa. Kadi yenye 8GB za kweli itarekodi saa saba na zaidi bila tatizo. Kwa 44.1kHz na biti 16, saa moja ni kama MB 635, basi utafika saa kumi na mbili. Anayerekodi MP3 ya 128kbps anatumia kama MB 58 tu kwa saa, na anaweza kukaa na kadi feki miezi mingi, saa zaidi ya 130 za kurekodi, akiisifia kwa wenzake. Ukivuka ukubwa wa kweli, kadi haitoi onyo lolote. Nyingine hutupa data yote inayofuata. Nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya kazi za zamani, na hapo unapoteza ya leo na ya mwaka jana kwa pamoja, hata siku moja ukiichomeka unaambiwa kadi inahitaji kufomatiwa.

Rekoda haiwezi kukuokoa. Ikishaandika haisomi tena ilichoandika, basi saa inaendelea kuhesabu, mita za sauti zinacheza, taa nyekundu inawaka. Hata hedifoni zinadanganya hapa, kwa sababu kwenye rekoda nyingi sauti unayoisikia wakati wa kurekodi inatoka kwenye maiki, haijapitia kwenye kadi. Orodha ya mafaili nayo inakaa sehemu ya mwanzo ya kadi, ambayo ni ya kweli. Kwa hiyo ukifika nyumbani utaona faili lina jina, tarehe na ukubwa wake kamili, ila ukilifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni mstari mnyoofu wa kimya, au mngurumo mtupu, au linakataa kabisa kufunguka kwa sababu zile herufi nne ambazo faili la WAV huanza nazo, RIFF, hazipo.

Na hapa kuna utapeli wa pili unaofuata wa kwanza: "fundi wa kurudisha data". PhotoRec na programu za aina hiyo zinaweza kurudisha kilichofutwa kutoka sehemu ya kweli ya kadi. Kilichotupwa na kadi, au kilichoandikiwa kingine juu yake, hakipo tena popote, na hakuna fundi wala mashine ya kukirudisha. Mtu akikuomba malipo ya awali kwa kazi hiyo, usimpe.

Jinsi ya kujaribu. Njia ya uhakika ni moja: jaza kadi yote kwa data inayojulikana, kisha isome na ulinganishe. Kama kadi ina kazi zako, zihamishe kwanza, maana jaribio lenyewe linaweza kuzifuta kama kadi ni feki.

Kwenye Windows tumia H2testw, programu ya bure iliyotokana na jarida la Kijerumani c't. Haihitaji kuinstoliwa. Chagua Kiingereza, chagua kadi, weka "all available space", bonyeza "Write + Verify". Itatengeneza mafaili ya 1GB moja moja yenye mwisho wa .h2w hadi kadi ijae, kisha itayasoma yote. Ukiona "Test finished without errors", kadi ni nzima. Ukiona maandishi mekundu yenye "DATA LOST", namba iliyo kando ya OK ndiyo ukubwa wa kweli wa kadi yako. Piga picha ya skrini hapo hapo.

Kwenye Linux na Mac ipo F3, programu ya kazi hiyo hiyo. Ubuntu inapatikana kwa `sudo apt install f3`, Mac kwa `brew install f3`. Kisha:

f3write /njia/ya/kadi
f3read /njia/ya/kadi

Mwishoni tazama mistari ya "Data OK" na "Data LOST". Lost ikiwa si sifuri, kadi hiyo usiiamini kwa kazi yoyote.

Shida ni muda. Kadi inayoandika MB 15 kwa sekunde itajaza 32GB kwa dakika kama 36, lakini 128GB itachukua zaidi ya saa mbili, na hapo bado kusoma. Muuzaji hatakusubiri. Kwa hiyo ukienda kununua, Kariakoo jijini Dar au Luthuli Avenue jijini Nairobi au popote, beba laptop na kisoma kadi cha USB, na utumie vipimo vya haraka. Kwenye Windows kuna ValiDrive ya Steve Gibson: inagusa sehemu 576 zilizosambazwa kadi nzima, inaandika, inasoma, na kukuchorea ramani. Dakika chache zinatosha. Kwenye Linux kuna hii:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdX

Badala ya sdX weka jina la kadi, na ulihakikishe kwanza kwa amri ya `lsblk`, inayoorodhesha diski zote. Ukikosea herufi moja unafuta diski ya kompyuta yako. Ikisema "counterfeit of type limbo" (feki inayotupa data) au "wraparound" (feki inayorudi mwanzo), mrudishie mwenyewe kadi yake.

Kuna kipimo kingine ambacho matapeli wengi hawajisumbui kukiandaa. Kama laptop yako ina tundu la kadi linaloonekana kwenye Linux kama mmcblk0 (kisoma cha USB hakitafaa hapa), soma utambulisho wa kadi:

cat /sys/block/mmcblk0/device/manfid
cat /sys/block/mmcblk0/device/oemid
cat /sys/block/mmcblk0/device/date

Manfid na oemid ni namba za kumtambulisha mtengenezaji. Kadi ya SanDisk hutoa manfid 0x000003 na oemid 0x5344. Samsung ni 0x00001b na 0x534d. Kadi iliyoandikwa SanDisk usoni halafu ndani inatoa 0x000000, au tarehe ya kutengenezwa isiyoingia akilini, haijatoka kiwandani huko. Lakini usiishie hapo ukiona namba zimekubali, kwa kuwa nazo zinaweza kughushiwa. Kujaza na kusoma ndiyo hukumu.

Tusiwaonee wauzaji waaminifu pia. Kadi ya kweli ya 64GB kwenye Windows huonyesha kama 59.6, ya 32GB kama 29.8, ya 128GB kama 119. Huo si wizi. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,024 × 1,024 × 1,024. Kinachotia shaka ni kinyume chake: kadi inayoonyesha 128 au 512 kamili kwenye Windows.

Kabla hata ya kujaribu, jiulize kama rekoda yako inaitaka kadi hiyo. Zoom H1n na Sony ICD-PX470 mwisho wake rasmi ni 32GB. Tascam DR-05X ni 128GB. Zoom H1essential ndiyo inafika 1TB. Muuzaji anayekuuzia kadi ya 512GB "maalumu kwa H1n" hajui anachouza, au anajua sana. Kadi moja halali ya 32GB inabeba takriban saa 30 za WAV ya 48kHz biti 24. Ukiwa nazo mbili halali, moja kwenye rekoda na moja mfukoni, uko salama kuliko mwenye 512 ya kwenye stika. Maandishi ya kasi nayo yasikutishe: Class 10 maana yake ni angalau MB 10 kwa sekunde, na rekoda ya stereo inahitaji MB 0.288 tu.

Sasa rekoda zenyewe. Zile ndogo zisizo na jina, za umbo la kalamu au la flashi, zinazotangazwa "64GB, 1536kbps, saa 4,600": pima tangazo kwa kikokotoo. 1536kbps ni WAV ya 48kHz, biti 16, stereo, yaani MB 691 kwa saa. GB 64 zikiwa za kweli kabisa zinatoa saa 92. Ili zifike saa 4,600 lazima ushuke hadi kama 31kbps, sauti ambayo haifai hata kuandikia mahojiano. Tangazo limechukua ubora wa juu kabisa na saa za ubora wa chini kabisa, likaviweka mstari mmoja. Kumbukumbu ya ndani pia hughushiwa kwa mbinu ile ile ya kadi, lakini rekoda ikichomekwa kwa USB huonekana kama flashi, kwa hiyo H2testw na F3 zinaipima bila tatizo.

Ubora wa sauti nao hughushiwa. Rekodi dakika moja ukiwa mahali penye sauti kali za juu: funguo zikigongana, vigelegele, matoazi. Fungua kwenye Audacity, badili mwonekano uwe spektogramu, picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu. Kama juu ya 4kHz ni giza tupu, kifaa kinanasa kwa 8kHz na kulitia faili maji lionekane 48kHz. Kujua kama stereo ni ya kweli, tenganisha mikondo miwili iwe mono, pindua mmoja kwa Invert, kisha ichanganye. Ukibaki na kimya kamili, ni maiki moja iliyonakiliwa mara mbili.

Kwenye upande wa kompyuta ndugu yao ni SSD, yaani diski ya kasi inayotumia chipu: "SSD ya nje 16TB" au "30TB" kwa bei ya flashi. Zilizofunguliwa na watafiti mwaka 2022 zilikutwa na kadi mbili za microSD zilizogandishwa kwa gundi ya moto kwenye kibao cha USB 2.0, ganda likiwa tupu kwa sehemu kubwa. Nakili faili la 5GB huku ukitazama kasi. SSD halisi kwenye tundu la USB 3 hupita MB 300 kwa sekunde. Hizi hutambaa chini ya 40 na mara nyingi chini ya 10.

Kuhusu muuzaji, mfumo wao unafanana. Ukurasa una picha za kiwandani tu, hakuna picha ya bidhaa mkononi. Maoni yamefungwa. Anataka pesa yote mbele kwenye namba binafsi, si kwenye lipa namba au till ya duka, na jina linalotokea wakati wa kulipa halifanani na la ukurasa. Risiti haitaji ukubwa wa kadi, imeandikwa "memori" basi. Ukiomba kujaribu anasema kufungua pakiti kunavunja waranti. Ukirudi na malalamiko anakwambia umeifomati vibaya, kisha anaomba umrudishie kadi "aiangalie". Usimwachie kabla ya kurudishiwa pesa, kwa sababu kadi ndiyo ushahidi wako.

Mwambie aandike kwenye risiti au kwenye meseji: chapa, ukubwa, na kwamba itarudishwa isipopita H2testw ndani ya siku saba. Mwenye mali halali anakubali.

Kama umeshapigwa, weka pamoja picha ya skrini ya jaribio, picha za kadi pande zote mbili, pakiti, meseji za mauzo na meseji ya muamala. Tanzania Bara peleka kwa Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia. Kenya ni Anti-Counterfeit Authority. Shauri likishaisha na kadi ikabaki mikononi mwako, f3probe yenyewe hukupa amri ya f3fix yenye namba ya sekta ya mwisho, ambayo huibana kadi irudi kwenye ukubwa wake wa kweli. Iandike kwa wino "8GB, FEKI", tumia kuhamishia nyimbo za garini, na usiirudishe kwenye rekoda.